Mkebe wa Pili wa Radi Nyeupe

Mahfoudha binti Amur alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hadithi iliyokatwa njiani ilimnyima usingizi. Alipokuwa mwalimu wa skuli ya wasichana Unguja, wanafunzi wake waliujua udhaifu huo wakautumia. Kengele ikilia naye yumo katikati ya kisa, hakuna aliyeinuka, maana walijua Bi Mwalimu mwenyewe hatainuka. Na siku za maonyesho ya wanawake alikuwa mtu wa mwisho kutoka sinema. Wenzake wameshajitanda mabuibui wanagombania mlango, yeye bado kakaa, anataka kuyaona hata yale majina madogo madogo yanayopita mwisho kabisa.

Maskati ilimponya ugonjwa huo kwa nguvu, kama mlafi anavyoponywa kwa kunyimwa chakula. Yeye na mdogo wake Harub walifika baada ya mapinduzi ya Unguja, mwaka wa sitini na nne, wakapata nyumba ndogo ndani ya ukuta wa mji. Sinema hakuna. Skuli ya wasichana hakuna. Gazeti likipatikana limeshafungiwa dengu. Usiku, mzinga ukishapigwa, milango ya mji ilifungwa, na aliyekuwa na safari ya kwenda hata nyumba ya tatu alilazimika kubeba fanusi ajulikane ni nani. Mahfoudha hakuwa na safari. Fanusi ya nyumba ile ilikuwa ya Harub.

Harub alipata kazi ya stoo kwenye kambi ya kampuni ya mafuta, ng'ambo ya mji jirani wa Matrah, na kila Alkhamisi jioni aliendesha mashine ya sinema kwa ajili ya wafanyakazi. Ijumaa asubuhi akirudi, Mahfoudha humimina chai, akavumilia mpaka ndugu yake anywe mafunda mawili, kisha huanza.

"Haya, jana mmeonyeshwa nini?"

"Ya Kihindi."

"Inahusu nini?"

"Watu wawili wanapendana, baba mtu hataki."

"Halafu?"

"Halafu wakaoana."

"We Harub! Baba mtu kakubali vipi?"

"Kakubali tu, Dada. Mimi nlikuwa natazama mashine."

Mahfoudha huinuka akaenda jikoni asije akasema neno. Mtu huyu ni yeye Mahfoudha aliyemlea tangu mama yao alipofariki, ni yeye aliyemfundisha kushika kalamu. Leo Harub ndiye mwanamume wa nyumba, wa kuombwa ruhusa, na ruhusa yenyewe aghalabu ilikuwa "tutaona." Anakwenda kila pahala, lakini harudi na kitu.

Kwa hivyo siku Harub aliporudi na mikebe miwili ya mkanda wa sinema chini ya kwapa, ilikuwa ajabu. Mwaka ule wa sitini na nane meli za Kijapani zilikuwa zikija kupakia mafuta, na mabaharia wake walikuwa na desturi ya kubadilishana mikanda na watu wa kambi. Afisa wa redio wa meli moja, Bwana Morita, alikuwa ameacha kipande kimoja cha mchezo unaoonyeshwa kwenye televisheni huko kwao. Jina lake, alivyolifasiri mwenyewe kwa Kiingereza, lilikuwa Radi Nyeupe. Msimamizi wa kambi alisema hakuna atakayefahamu Kijapani, akamruhusu Harub auchukue mkanda pamoja na mashine mpaka Jumamosi.

"Nimeona nikuletee wewe," alisema Harub, akitazama pembeni. "Maana wewe husemi ila sinema."

Televisheni Mahfoudha alikuwa ameisikia tu. Alimkumbatia ndugu yake mpaka mikebe ikagongana.

Umeme waliutafuta kwa Bi Aliya, shoga yake wa tangu utotoni, aliyeolewa na tajiri mmoja wa Matrah mwenye nyumba kubwa humo humo Maskati na mashine ya umeme uani. Mchana wa Ijumaa wanawake wakajaa chumba cha ndani. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Harub, kwa kuwa hakuweza kuingia, aliiweka mashine yake ukumbini, akapitisha mwanga wake kwenye kidirisha kidogo cha juu. Walichokiona kwake ni mkono tu. Mbele kabisa alikaa Bi Sayyida, mkwewe Aliya, bibi wa makamo mwenye ulimi mkali, na ubavuni mwake Kheiria, wifi yake Aliya, aliyekuwa mgeni wa ndoa na mwepesi wa kulia.

Mwanga ukawaka. Kijapani kikaanza kumiminika, na macho yote yakamgeukia Mahfoudha.

"Fasiri basi, Mwalimu!"

"Kijapani mimi nakijulia wapi?"

"Kisome kwa uso," alisema Bi Sayyida. "Uso hauna lugha."

Basi akafasiri. Palikuwa na fundi saa mmoja, kijana mpole wa miwani, akiishi na dada yake mkubwa juu ya kiduka chake. Kachelewa kurudi, dada kajishika kiuno mlangoni, na yule kijana anatoa ua moja nyuma ya mgongo.

"Anasema alikwenda kumnunulia ua," alisema Mahfoudha.

"Muongo!" alifoka Bi Sayyida. "Ua linanunuliwa kutwa nzima?"

Na kweli alikuwa muongo. Dada alipogeuka tu, kijana aliteremka ngazi za nyuma, akavua miwani, akajipiga kifua kwa ngumi mbili, na pale aliposimama pakasimama mtu mwingine, kavaa nguo za kubana kama ngozi ya pili, shali refu jeupe shingoni na kofia ya chuma iliyomfunika uso mzima. Wanawake walipiga vigelegele. Huyo ndiye Radi Nyeupe, na dada yake hajui.

Adui wake alikuwa mzee mmoja mwenye jicho la kioo, aliyeiba maji ya mji. Mifereji imekauka, watu wamejipanga na ndoo, na kule bwawani, mzee alipobonyeza kitufe, likainuka dude la matope refu kuliko mnara wa ngome ya Jalali, linatiririka matope mdomoni.

"A'udhu billahi!" Bi Sayyida alijivuta nyuma na mkeka wake.

"Mzee anamwambia: ukitaka maji, nipe nguvu zako," alifasiri Mahfoudha.

"Umejuaje?" aliuliza Aliya.

"Kwani wewe ungemwambia nini?"

Halafu yule mzee akamkamata dada. Alimfunga kwenye nguzo ndani ya chumba cha chini cha bwawa, akafungulia maji, yakawa yanapanda: magotini, kiunoni, kifuani. Radi Nyeupe aliuvunja mlango kwa bega. Dude likamkuta pale pale mlangoni, likampiga dafrau moja ya kichwa. Kofia ya chuma ikapasuka. Kipande kikadondoka majini, na nusu ya uso ikabaki wazi, jicho moja la yule fundi saa mpole, damu inamchuruzika kwenye nyusi. Dada aliinua kichwa. Akafungua macho. Akamtazama, uso kwa uso, kama mimi na wewe. Midomo yake ikaachana, anataka kusema neno.

Shuka likawa jeupe.

Nyuma ya kidirisha ulisikika mkia wa mkanda ukijipiga, tapu tapu tapu.

"Tia wa pili!" walipiga kelele wote. "Harub! Tia mkebe wa pili!"

Harub aliutia. Akatokea Mjapani mmoja mnene, kavaa ovaroli, kasimama mbele ya pipa linalowaka moto. Alikuwa kashika mpira wa maji, anaonyesha jinsi ya kuushika, mkono mmoja mbele, mwingine nyuma. Akaurudia. Akauonyesha tena kwa upande wa kushoto.

Walimtazama kwa heshima kubwa.

"Huyu labda ndiye atakayemwokoa," alisema Bi Sayyida.

Mjapani akazima pipa moja. Akaja kwenye pipa jingine. Mahfoudha ndiye wa kwanza kuelewa. Aliinuka na kivuli chake kikalifunika shuka.

"Harub, nini hiki?"

Sauti ya ndugu yake ilipita kidirishani kwa aibu. "Nahisi mkebe umebadilika, Dada. Hii ni mafunzo ya mabaharia."

"Basi waendee wakupe wa pili wenyewe!"

"Meli imeondoka jana."

Kheiria alianza kulia. Wengine walibaki wamekaa gizani, mbele ya Mjapani na moto wake, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukubali.

Tangu siku ile, kila walipokutana hapakuwa na mazungumzo mengine. Aliya alishikilia kuwa dada kamtambua ndugu yake. Kheiria alisema hapana, chumba kilikuwa giza na mtu anayezama haoni. Bi Sayyida aliwadharau wote wawili: yule dada alijua tangu zamani, maana hakuna mwanamke anayemfulia mtu nguo asijue mtu huyo anatoka wapi. Mahfoudha alilala akiiona ile midomo iliyoachana, naye anajaribu kutia maneno ndani yake, na kila neno alilotia halikukaa. Aliona haya, mtu mzima wa miaka thelathini na sita kukosa usingizi kwa ajili ya watu wa kwenye shuka, lakini usingizi hausikii haya.

Ilipita miezi miwili au kidogo zaidi, Harub akaja na habari huku anavua viatu. "Yule Morita karudi. Lakini kateremshwa mgonjwa, kapasuliwa kidole tumbo, yuko hospitali ya Matrah. Kesho nampelekea mikebe yake."

"Muulize!" Mahfoudha alimshika mkono. "Muulize mwisho wake."

Kesho yake alimsubiri mlangoni. Harub alikaa, akanywa maji, akasema: "Alishinda."

"Nani?"

"Yule wa kofia. Kalipiga dude, likafa, maji yakarudi."

"Na dada?"

"Yuko salama."

"Alimtambua?"

Harub alijikuna shingo. "Sikuuliza hilo."

"Harub! Nimekutuma kwa ajili ya hilo! Mtu kapasuka kofia, dada yake kamtazama usoni, wewe unaniletea habari za maji?"

Alimtuma tena. Mara ya pili alirudi akasema mgonjwa alikuwa kalala. Mara ya tatu akasema amesahau. Mahfoudha aliinuka, akasema kwa utulivu, "Basi nipeleke mwenyewe. Kiingereza changu ni kizuri kuliko chako. Nitakaa barazani, na wewe utakuwepo."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Hospitali si pahala pa kutembea."

"Mimi siendi kutembea. Nakwenda kuuliza suala moja."

"Nimesema haiwezekani, Dada!" Alilisema kwa ukali usiolingana na jambo lenyewe, mpaka akaushtukia yeye mwenyewe. Alichukua fanusi yake akatoka, na jua lilikuwa bado halijazama.

Mahfoudha alikaa kitako pale pale. Kukatazwa alishazoea. Lakini huku kulikuwa kukatazwa kwa mtu anayeogopa, na hakuelewa anaogopa nini.

Kesho yake Bi Aliya aliumwa na jino. Liliuma ghafla, saa tatu ya asubuhi, na mumewe akatoa gari na dereva bila ya kuuliza, kwa sababu mke wake akiumwa na jino nyumba nzima huumwa. Gari ilipopita mlango wa mji na kushika njia ya mlimani kuelekea Matrah, Aliya aliteremsha kitambaa alichojifunga shavuni.

"Nikirudi bila ya jino, utanilipa wewe," alisema.

Walimkuta Bwana Morita barazani, kwenye kiti cha kamba, kavaa pajama za milia, mwembamba kama ufito. Alipoelezwa kuwa mama huyu aliyejitanda buibui ametoka Maskati kwa ajili ya Radi Nyeupe, alijaribu kusimama ili atoe heshima, mshono ukamkumbusha, akakaa tena. Kiingereza chake kilikwenda kwa kuchechemea, lakini kilifika.

Alimsimulia yote bila ya kuruka kitu. Radi Nyeupe alifunika uso wake kwa lile shali jeupe. Alikata kamba, akambeba dada yake ambaye alikuwa amezirai, akamlaza juu ya ukuta wa bwawa. Akapigana na dude mpaka alfajiri, jua likalikausha matope, dude likapasuka vigae. Na dada alipozindukana, alimkuta ndugu yake na miwani yake amepiga magoti ubavuni. Akamuuliza, nani kaniokoa? Ndugu akajibu, sijui, mimi nilikuwa nakutafuta tu.

"Na yeye akakubali?"

"Ndiyo. Wakarudi nyumbani."

"Lakini alifungua macho. Nimeona kwa macho yangu. Alitaka kusema neno."

"Alisema, 'Nisaidie.' Kisha akazirai."

"Nisaidie," alirudia Mahfoudha. Katika maneno yote aliyokuwa akiyatia kwenye midomo ile, hilo hakuliwazia. Alihisi kama mtu aliyepanda ngazi ndefu gizani akakuta juu hakuna chumba. "Na mbele yake? Siku nyingine hakuja akajua?"

Morita alitikisa kichwa. "Hajui hata siku moja. Ndiyo kanuni ya mchezo. Akijua, atakuwa hatarini."

"Nani kasema?"

"Ndugu yake."

"Alimuuliza dada mwenyewe?"

Bwana Morita alifikiri kwa uzito, kama aliyeulizwa habari za meli yake.

"Hapana," alisema mwishowe. "Nafikiri hakuna aliyemuuliza."

Wakati huo alikuwa amefika muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, Sista Annamma, mama wa Kihindi mfupi aliyetembea kwa haraka. Alisimama akawasikiliza, kisha akamuuliza Mahfoudha kwa Kiingereza, "Samahani. Wewe ni nani, unayesema Kiingereza namna hii?"

"Mimi ni dada yake Harub, wa kambi ya mafuta."

"Ah!" Uso wa Sista ulipoa, uchangamfu ukamtoka. "Yule dada asiyetaka kutoka nyumbani."

Mahfoudha alidhani hakusikia vizuri. Sista akaeleza, bila ya kujua anaeleza nini. Kila wiki wodini kwake walikuja wanawake waliotoka Zanzibar. Kiarabu chao kidogo, Kiingereza hawana, na yeye Kiswahili hajui. Wanaonyesha tumbo, naye hajui kama ni mimba, kidonda au huzuni. Aliposikia kuwa Harub ana dada aliyekuwa mwalimu, alimwomba amlete. Alimwomba kabla ya Ramadhani, siku Harub alipoleta mgonjwa wa kambi, akajibiwa kuwa dada hapendi. Akamwomba tena wiki hii hii, alipokuja kumtazama Bwana Morita, akajibiwa vile vile.

"Sikukulaumu," alisema Sista. "Si kazi ya kila mtu."

Aliya aliyafahamu machache tu, lakini alimwona shoga yake akishika nguzo ya baraza. Mahfoudha alijikaza.

"Sista, mimi nimeulizwa leo. Nipe mpaka Jumamosi."

Njiani Aliya alitaka mwisho wa kisa, akapewa. Alikasirika mpaka akalisahau jino lake; walipofika nyumbani ilibidi ajifunge kitambaa upya, na akakifunga shavu la pili. Bi Sayyida alipohadithiwa alikataa katakata, akasema Mjapani yule ana homa, hajui asemalo. Mahfoudha aliwaacha wakibishana. Alikwenda kwake akakaa barazani, hakuwasha jiko wala hakuchemsha chai.

Harub aliingia jioni. Aliona jiko limepoa, akaona uso wa dada yake, akaweka fanusi chini taratibu.

"Umekwenda," alisema.

"Nimekwenda. Kumbe mimi sipendi kutoka nyumbani. Nimeambiwa na mtu wa Bara Hindi."

"Dada, nisikilize."

"Nakusikiliza tangu ulipokuwa huna meno. Sema."

"Kule kuna kifua kikuu. Kuna macho yanayoambukiza, kuna..."

"Na Unguja nilikuwa nasomesha malaika? Hawakuwa na upele, hawakuwa na kifaduro?"

"Watu watasema Harub kashindwa kumlisha dada yake."

"Watu gani? Wataje. Miaka minne naomba kazi kwa Mungu, huku umeizuia wewe mlangoni! Ungenambia. Ningekataa mwenyewe kwa kinywa changu, au ningekubali. Lakini ungenambia!"

Harub alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini alikaa kama mtoto aliyevunja kitu, magoti yamekutana.

"Siku ile Unguja," alisema, "ulipotoka kwenda skuli kuwatafuta wanafunzi wako. Uliniambia nifunge mlango nisimfungulie mtu. Nikakaa nyuma ya mlango. Nlikuwa nasikia bunduki, nasikia watu wanapita wanakimbia. Kila unyayo nasema ndiwe. Usiku ukaingia, hukurudi. Kesho yake hukurudi."

"Nilikuwa na watoto wa watu. Sikuweza kuwaacha. Na nilirudi, Harub."

"Wewe ulirudi. Mimi sijui kama nimetoka nyuma ya mlango ule." Alijifuta uso kwa kofia yake. "Ukinambia unakwenda hata kwa Aliya, nahesabu nyayo mpaka urudi. Nifanye nini mimi?"

Mahfoudha hakuwahi kulisikia hilo. Hasira yake ilitafuta pa kukanyaga na kwa kitambo ikapakosa. Alitaka kumwekea mkono kichwani, na mkono ulishanyanyuka. Lakini aliukumbuka uso wa Sista ulivyopoa, na wale wanawake waliokuja na kurudi na maumivu yao yasiyo na jina, na mkono ukashuka.

"Basi toka," alisema. "Maana umenifungia na mimi humo humo."

Aliingia chumbani mwake. Wote wawili walilala na njaa.

Jumamosi alfajiri alivaa, akajitanda, akakaa ukumbini na mkoba wake mapajani. Hakuomba ruhusa. Alikuwa ameshaamua kuwa kama hapana budi atakwenda kwa miguu kwa njia ya mlimani, na akina mama wa Riyam, kijiji cha njiani, wamwone. Harub alikunywa chai yake kwa kusimama.

"Gari ya kambi inapita saa moja," aliuambia ukuta. Wakapanda wote. Kwenye lango la hospitali Harub aliitikia salamu ya kuagana kwa kugeuza uso.

Siku ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia. Harufu ya dawa ilimpanda kichwani, na mara mbili alitoka nje kuvuta pumzi. Palikuwa na mama mmoja wa Pemba, Bi Mahbuba, ambaye kila akija hupewa dawa ya minyoo. Aliposikia Kiswahili alishika mkono wa Mahfoudha kwa mikono yake yote miwili, akasema maumivu hayako tumboni hata kidogo; yako chini ya titi, kuna kitu kigumu kama kokwa ya tende, na hakuweza kulionyesha hilo mbele ya kijana mwanamume aliyekuwa akifasiri Kiarabu. Mahfoudha alimfasiria Sista, na Sista alifumba macho kidogo kabla ya kuvaa glavu. Walikuwa wamechelewa mno. Bi Mahbuba alifariki mwezi wa Mfungo Tatu, mwezi wa hija, na Mahfoudha alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na hasira ambayo hakuwa na wa kumtupia. Nusu yake ilimhusu Harub. Hakumwambia. Mambo mengine ukiyasema hayarudi tena mdomoni.

Lakini hakuacha kazi. Na Harub naye hakuacha kununa. Alimpeleka asubuhi, akamchukua alasiri, na katikati hakuna suala wala jawabu. Aliya alisema ni ukaidi. Bi Sayyida alisema mwanamume akishindwa lazima aachiwe pahala pa kujificha, ndivyo Mungu alivyomwumba.

Siku moja ya joto kali, mzazi mmoja alishikwa na uchungu mbaya wakati Mahfoudha ameshajitanda kuondoka. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, mama anapiga kelele kwa Kiswahili, Sista anamhitaji. Alivua buibui akarudi ndani. Alipotoka, jua lilikuwa limekaribia milima na nguo zake zina damu, mtoto na mama wote wazima.

Gari ilikuwa langoni. Harub alikuwa amesimama nje yake, shati limemganda kwa jasho, na alipomwona alikuja mbio akaanza kumfokea pale pale, mbele ya mlinzi, mbele ya wagonjwa, mbele ya wauza samaki.

"Saa ngapi hizi? Mimi nimesimama hapa tangu alasiri! Huna hata mtu wa kumtuma? Unanijua mimi nlivyo, unanijua, halafu unanifanyia hivi?" Watu walianza kusogea.

Mahfoudha alikuwa na majibu. Alikuwa nayo mengi, na mengine yalikuwa makali na ya haki. Miguu ilimuuma. Alimwacha afoke mpaka alipoishiwa, kisha akafungua mlango wa gari, akakaa, akauweka mkoba wake mapajani.

"Twende," alisema. "Mzinga ukipigwa watatufungia nje."